Malkia wa Sisimizi Hataki Taa, Ataka Ndani

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, naishi na wazazi katika nyumba ya mawe aliyotuachia marehemu babu. Usiku mmoja baada ya mvua niliokota barazani sisimizi mkubwa mwenye mbawa, na asubuhi nikakuta amezing'oa mbawa mwenyewe. Nimemtia kwenye chupa ya jemu yenye mchanga wa pwani. Nataka kumjengea nyumba ya vioo, futi mbili kwa futi moja, na nimeshanunua utepe wa taa za LED za rangi, zile za rimoti, kama nilivyoona kwenye video za wafugaji wa Ulaya. Wao huweka na kifaa cha joto pia. Je, nimweke wapi: dirishani apate jua, juu ya friji, au kwenye kidaka cha ukutani? Kaka yangu ni fundi, asema nyumba niijenge kwa chokaa. Mama naye asema siku atakapomwona sisimizi mmoja jikoni, mimi na malkia wangu tutalala nje. Na je, nimpe halwa?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote, mtoe huyo malkia kwenye mchanga wa pwani, leo hii. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na chupa ya jemu ikifungwa kifuniko hutoka jasho ndani mpaka mnyama akawa anaogelea. Vioo vya futi mbili visubiri, tena visubiri sana. Utepe wa taa usiurudishe dukani. Una kazi moja ya maana nitakayoitaja mbele. Kwa sasa uzime.

Naona umetazama nyumba zilizotengenezwa zipendeze kwenye kamera, ukadhani ndivyo sisimizi apendavyo. Wewe huna haja ya kutafuta mfano Ulaya kwa sababu unalala ndani ya mfano wenyewe. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mlangoni, ina kiwanda, yaani ua wa katikati, kilicho wazi juu kinacholeta jua na upepo, kisha misana, yaani kumbi ndefu, kisha ndani, ambako hata mchana kweupe utahitaji taa kusoma barua. Aliyeijenga hakusahau madirisha. Alitaka mwangaza upungue hatua kwa hatua kadiri mtu anavyoingia, joto nalo lipungue, na wenye nyumba wapate sitara yao. Kiota cha sisimizi wako kina ramani hiyo hiyo. Nje kuna uwanja wa kutafutia chakula na kutupia taka, penye jua na pilikapilika. Ndani kuna vyumba vya giza, vyenye ubaridi na unyevu wa kiasi, anamokaa malkia na watoto. Mwanga ukiingia chumba cha watoto, sisimizi huelewa jambo moja tu: ukuta umebomoka. Hapo huyabeba mayai na kutafuta pa kukimbilia.

Sisimizi wote si sawa, najua utaniuliza. Majimoto wa kwenye miembe na mikorosho hushona majani na kukaa juu kwenye mwanga, na siafu hawana nyumba ya kudumu kabisa; hao wawili mwanzaji asiwaguse. Wako, kwa maelezo yako, ni wa aina nyingine. Angalia kwanza kwamba si kumbikumbi: kumbikumbi ana kiuno kinene, vipapasio vilivyonyooka kama ushanga, na mbawa nne za urefu mmoja. Sisimizi ana kiuno chembamba, vipapasio vilivyopinda kama kiwiko, na mbawa za mbele ni ndefu kuliko za nyuma. Kama ni mkubwa kiasi cha sentimita moja na nusu, mgongo umepinda vizuri bila bonde katikati, na dada zake ndio wale wakubwa wenye miguu mirefu wanaotoka usiku kutafuta sukari, basi yumkini ni wa jenasi ya Camponotus. Umebahatika. Hao ni wavumilivu kwa mwanzaji, na malkia wao huanzisha kundi peke yake bila kula chochote: misuli aliyorukia haina kazi tena, basi mwili huiyeyusha ikawa chakula chake na cha watoto wa kwanza.

Liko jambo jingine ambalo video za Ulaya hazitakwambia. Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi kumi na miwili, kwa ajili ya sisimizi. Wawili kati yao walikuwa vijana wa Ubelgiji waliokamatwa Naivasha na malkia wapatao 5,000 wa wale wakubwa wavunao mbegu, ndani ya neli, yaani vijibomba, zenye pamba. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimsahau mdudu kwa sababu ni mdogo. Kwa hiyo nenda kwenye ofisi ya KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya, iliyo karibu, eleza ulichookota, uliza kama unahitaji kibali, na ufuate watakalokwambia, hata wakikwambia umwachie. Usiuze, usimtumie rafiki wa ng'ambo, na usikubali kuletewa wa kigeni.

Sasa makao. Nyumba ya kwanza ya malkia ni neli ya majaribio, ile ya kioo au plastiki ya maabara ya shule, yenye urefu wa sentimita kumi na tano na upana wa kidole. Wauzao vifaa vya maabara wanazo. Tia maji safi hadi theluthi moja. Sukuma donge la pamba ya hospitali kwa kijiti mpaka liguse maji na kulowa, lisiache pengo la hewa baina yake na maji, wala usilishindilie hadi maji yakavuja upande wa pili. Muingize malkia, kisha ziba mdomo kwa pamba kavu isiyobana sana, apate kupumua. Ilaze. Neli huviringika kama gololi, kwa hiyo kata kipande cha ndala iliyochakaa, kitoboe mfereji, uilaze humo; mpira wa ndala pia hupunguza mtikisiko. Basi. Hakuna mchanga, hakuna jani, hakuna pambo.

Naona unakunja uso. Futi mbili za vioo zimekuwa neli moja! Lakini fikiria malkia porini: baada ya kuruka hujichimbia kijishimo kisichozidi ukubwa wa tende, akakiziba, akakaa humo wiki nyingi. Ukimpa jumba hatakutana na raha, atakutana na hatari, kwa sababu nafasi asiyoweza kuilinda ni mlango wa adui. Hata kundi lenye wafanyakazi kumi, ukilipa vyumba ishirini, litakaa chumba kimoja na kufanya vingine jaa. Chakula kitaozea huko, ukungu uote, na wewe huwezi kufikia kusafisha. Nimeliona hilo kwa vijana wengi zaidi ya nilivyoona njaa au kiu. Wakae kwenye neli mpaka wafike ishirini au thelathini, hata ukiwaona wamebanana. Kubanana ndiko kunakowapa joto na unyevu wa pamoja.

Tuje kwenye taa, maana ndipo ulipotumia pesa.

Jicho la sisimizi si letu. Katika miaka ya 1870 na 1880 Mwingereza John Lubbock, mfanyabiashara wa benki aliyekuwa akifuga sisimizi nyumbani kwake baina ya vipande vya vioo, aliweka juu ya viota vyao vioo vya rangi mbalimbali ili aone watakusanyika chini ya kipi. Chini ya kioo cha zambarau, ambacho kwa jicho letu kinaonekana cheusi cheusi, walipakimbia. Chini ya chekundu, ambacho sisi twaona kinang'ara, walitulia kama wako gizani. Aliendelea hadi akaonyesha kwamba wanaona mwanga ulio nje ya zambarau, ambao sisi hatuuoni kabisa. Leo tunajua kwamba sisimizi wengi wana vipokezi vya aina mbili machoni, kimoja cha mwanga huo usioonekana kwetu na kingine cha kijani. Chekundu hukiona kwa shida. (Bwana huyo, nikumbuke kusema, alikaa na malkia mmoja tangu 1874 hadi 1888. Mwambie mama ajiandae.)

Basi utepe wako, unaopendeza zaidi ukiwa buluu na zambarau, unamulika kwa rangi zile zile zinazowatisha. Ukiuacha usiku kucha, malkia atahama huku na huku ndani ya neli, atayakokota mayai, na mwisho anaweza kuyala. Kwa malkia mwanzilishi ni giza tupu: zungushia neli kipande cha kaniki, au itie ndani ya kijisanduku cha karatasi ngumu. Mtazame mara moja kwa wiki, dakika mbili, urudishe. Ukitaka kutazama bila kumshtua, funga karatasi ya nailoni nyekundu, ile ya kufungia zawadi, mikunjo miwili au mitatu juu ya tochi ya simu. Lakini usidhani wekundu ni uchawi. Mwanga mwekundu mkali bado ni mwanga, na mara nyingi kinachomshtua si tochi bali mkono wako unaonyanyua neli kwa pupa. Yeye husikia kwa miguu.

Kundi likikua, wapo wafugaji wanaoacha kiota bila kifuniko kabisa, na sisimizi wakazoea. Ni kweli huzoea, hasa wakiwa wengi. Mimi sipendi njia hiyo, ingawa siwezi kukwambia ni kosa. Ninachokataa ni kuwafunika siku sita na kuwamulika ya saba wageni wakija. Hapo hawazoei giza wala mwanga.

Uwanja wao wa chakula, yaani kiwanda chao, huo ndio unaohitaji mchana na usiku. Hapo nakwambia kwa furaha kwamba hutatumia hata senti. Lamu iko takriban nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Mchana wake ni saa kumi na mbili na dakika zake, Januari hadi Desemba, na tofauti kati ya siku ndefu na fupi haifiki nusu saa. Mfugaji wa Ulaya ananunua taa na saa ya kuiwasha na kuizima ili apate mchana unaofanana na wako. Mwangaza wa kawaida wa chumba unatosha. Tena Camponotus wako atatoka zaidi baada ya magharibi, kwa hiyo ukitaka kumwona kazini, mtazame baada ya isha kwa ile tochi nyekundu.

Na lile joto la kwenye video? Hadithi ni hiyo hiyo. Huko chumba wakati wa baridi hushuka hata chini ya nyuzi kumi na nane, na baadhi ya sisimizi wanaofugwa wametoka nchi kama zetu, kwa hiyo wanalipia umeme kuiga Lamu. Malkia wako ataridhika na nyuzi 24 hadi 28, na chumba chako cha ndani hakiko mbali na hapo bila msaada wa mtu. Hofu yetu pwani ni kuzidi. Wakati wa kaskazi, chumba chenye paa la mabati huweza kupita nyuzi 35 mchana, na neli haina pa kukimbilia. Wanaoishi chini ya makuti au kuta nene za matumbawe wana nafuu. Wewe unazo kuta.

Sasa unaona jibu la wapi. Dirishani hapana, hata saa moja: jua likipenya kioo cha neli, joto la ndani hupanda haraka kuliko la chumba, na dakika chache zinatosha kumpika. Hata jua la kusogea husahaulika. Unaiacha neli kivulini saa mbili asubuhi, unarudi saa tano jua limeshahamia juu yake. Juu ya friji hapana, kwa sababu mota huwaka na kuzima mchana kutwa, na kila ikiwaka kuta za neli hutetemeka. Ukumbi wa daka nao una punda wapitao na watu wa mazungumzo. Kidaka, ndiyo. Kidaka cha chini, chumba cha ndani, upande usiopigwa na jua la kiwanda, ndio mahali bora niwezavyo kufikiria katika mji mzima. Ila kabla hujaweka chochote pitisha kidole kwenye plasta. Kama kuna nyufa zinazotoka vumbi na msururu wa sisimizi wadogo, chagua kidaka kingine, nitaeleza sababu. Na mama akifukiza ubani chumba hicho, hamisha neli mpaka moshi utoke.

Wiki tano hadi nane hivi, kwa joto letu, utaona wafanyakazi wa kwanza, wadogo na waoga. Kabla yao utaona vifuko vyeupe vya hariri kama punje za mchele. Watu huviita mayai, kumbe ni pupa, yaani watoto walio katika hatua ya kugeuka kuwa sisimizi kamili. Hapo ndipo kiwanda kinapohitajika. Chukua kisanduku cha plastiki angavu cha kuwekea chakula, sentimita ishirini kwa kumi na tano kinatosha, toboa kifuniko na gundisha wavu wa chuma wenye matundu madogo sana. Wavu wa mbu wa nyuzi usiutumie, watautafuna, na kama umetiwa dawa utawaua. Ilaze neli ndani, ondoa pamba ya mdomoni, acha tundu dogo. Ukipenda sasa tandaza mchanga kidogo, wa mtoni au wa pwani uliouosha kwa maji baridi mara nyingi hadi ukionja maji yake hayana chumvi.

Kiota halisi ni kazi ya mwaka wa pili, au mwisho wa wa kwanza. Na hapa nina ugomvi na kaka yako, ingawa namheshimu fundi yeyote wa Lamu. Chokaa ya kuchoma matumbawe ni nzuri kwa ukuta wa mtu, lakini ikiwa mbichi ni kali. Huunguza ngozi ya fundi, sembuse mtoto wa sisimizi asiye na ngozi ya kusema. Huchukua miezi kukomaa, na kila ukiilowesha kabla ya hapo ukali hurudi. Mwambie atumie jasi, ile plasta nyeupe ya kufanyia mapambo ya dari. Hukauka upesi na haina ukali huo, kisha hunywa maji na kuyatoa polepole, sifa ambayo Mfaransa Charles Janet aliitumia katika miaka ya 1890 alipotengeneza viota vya jasi vyenye birika la maji upande mmoja, ili vyumba viwe vyenye unyevu karibu na birika na vikavu mbali nalo. Sisimizi akajichagulia. Zaidi ya miaka mia imepita na mimi sijaona wazo bora kuliko hilo. Wewe huwezi kujua mayai yanataka unyevu kiasi gani leo na pupa kiasi gani kesho. Wao wanajua, na watayahamisha wenyewe ukiwapa pa kuchagua.

Fanya hivi. Kwenye kipande cha kioo cha sentimita kumi na mbili kwa kumi na mbili, ambacho fundi wa madirisha atakukatia na kukusugulia makali, panga maumbo ya udongo wa kuchezea watoto: vyumba vitatu au vinne vya ukubwa wa tende, unene wa sentimita moja, viunganishwe kwa njia nyembamba, na pembeni kimoja kisichounganishwa na chochote, hicho ndicho birika. Zungushia kuta za karatasi ngumu, mimina jasi iliyokorogwa vipimo viwili vya unga kwa kimoja cha maji. Usizidishe maji, jasi nyepesi hutafunwa. Ikishika, ng'oa udongo, ianike wiki nzima au zaidi mpaka iwe nyepesi mkononi. Kioo kile kile ndicho kitakuwa paa lako la kutazamia. Juu yake kifuniko cha karatasi nyeusi, au kaniki ile ile. Ukipenda nailoni nyekundu, sawa.

Maji ya birika yasiwe ya kisima chenye chumvi. Nimeona jasi iliyomwagiliwa maji kama hayo ikitoa unga mweupe kwenye kuta za vyumba, na sisimizi wakagoma kukaa upande huo. Maji ya mvua, au ya Shela yaliyochujwa na vilima vya mchanga, ni mazuri. Matone machache, tena rangi ya jasi ikianza kupauka tu. Kosa la kwetu pwani ni kulowesha kupita kiasi. Hewa ya Lamu ina unyevu wake, na masika ikifika unaweza kukaa wiki nzima bila kugusa birika. Kioo kikitoka jasho kote ndani, umezidisha. Acha mpaka kikauke nusu. Ukungu mweupe kidogo kwenye pamba ya neli usikutie wasiwasi, mweusi unaoelekea kwenye mayai ndio wa kukufanya uwatafutie neli mpya.

Na kuhama ndipo utepe wako unapopata ajira. Hutawamwaga wala kuwapuliza. Unganisha makao ya zamani na mapya kwa kipande cha bomba jembamba la plastiki, funika mapya yawe giza, kisha ya zamani uyafunue na kuyamulika kwa taa yako ya buluu, mbali kidogo. LED haina joto kubwa, na kwa kazi hii ni bora kuliko balbu. Watahama kwa hiari, wengine usiku mmoja, wengine wiki tatu. Wakimaliza, zima.

Mama yako sasa. Nampa haki yake, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuaibika. Vitabu na video husema paka poda iliyochanganywa na spiriti kwenye ukingo wa kisanduku, sisimizi hawatapanda. Inafanya kazi kwenye hewa kavu, na poda iwe ya talki. Baadhi ya poda za watoto siku hizi ni unga wa mahindi. Masika moja hapa Malindi poda yangu ilinyonya unyevu ikaanguka vipande vipande, na asubuhi nilikuta msururu kutoka mezani kwangu hadi kwenye kopo la sukari la watu wasio na hatia. Tangu hapo natumia vaselini, mkanda mwembamba wa upana wa vidole viwili chini ya ukingo, naupangusa na kuupaka upya kila wiki mbili, na juu yake kifuniko cha wavu. Mafuta ya nazi yasitumike, huchacha na kuwa chakula.

Lakini adui mkubwa si wale watakaotoka, ni wale watakaoingia. Nyumba zetu zimejaa sisimizi wadogo wa kahawia ambao kati yao wapo askari wenye vichwa vikubwa kupita miili yao, na wale vijinyamavu wenye kichwa cheusi na miguu kama maji. Wakinusa asali yako, usiku mmoja wanamaliza kundi zima hadi malkia. Wale wa vichwa vikubwa wamefika mpaka Laikipia, wakaua sisimizi waliokuwa wakilinda miiba ya mgunga dhidi ya ndovu. Ndovu wakavunja miti, na simba wakakosa pa kuwavizia pundamilia. Kidaka chako hakitawashinda.

Dawa yake bibi zetu waliijua. Kabati la chakula lenye wavu lilisimama miguu yake minne ndani ya makopo ya maji. Fanya vivyo hivyo: sinia lenye maji ndani ya kidaka, katikati yake jiwe au kikombe kilichofudikizwa, juu yake kisanduku, na pasiwe na kitu kinachogusa ukuta. Bibi walitia mafuta ya taa. Wewe usitie, mvuke wake ni sumu. Tia tone la sabuni, maji yasiwabebe, na uyabadilishe kila siku mbili tatu usije ukafuga na mbu.

Mbu wananileta kwenye jambo lililonigharimu kundi la miaka mitatu. Mgeni wangu, kwa nia njema, alipuliza dawa ya mbu chumbani alasiri, akafunga mlango. Nilirudi magharibi. Dawa hizo, pamoja na koili, ni za jamii moja na ile ya maua ya pareto yaliyokuwa yakilimwa sana kwetu Kenya bara, na hazichagui mdudu. Mweleze kila mtu nyumbani: chumba cha malkia hakipulizwi, hakiwashwi koili. Ikibidi, mtoe yeye kwanza, arudi kesho yake baada ya madirisha kukaa wazi. Nawe kama umepaka dawa ya mbu mikononi, nawa kabla ya kugusa neli.

Halwa: kwa sasa hapana, wala chochote kingine; mwanzilishi haombi chakula. Wafanyakazi wa kwanza wakitoka, toa tone la asali iliyozimuliwa kwa maji, ukubwa wa kichwa cha kiberiti, na mguu mmoja wa panzi au mende uliyemchovya maji ya moto kwanza. Kinachobaki kitoe kesho yake. Halwa ina samli itakayoganda na kuvutia wale wa vichwa vikubwa. Kula wewe na mama, tena umpelekee kabla hujamweleza habari ya sinia la maji.